Woga wa Mpita Njia Una Hesabu Yake

"Usiogope, haumi." Sisi wenye mbwa wakubwa mijini huitoa kauli hii mara nyingi kuliko salamu, na sijawahi kuona ikimtuliza mtu. Mama aliyejitwika beseni la vitumbua hapunguzi mwendo akasema basi sawa. Mwanafunzi anayewahi namba shuleni haanzi kutabasamu. Kila mmoja anaendelea na alichokwisha kukianza: kuhamia upande wa pili wa barabara, kujibana ukutani, au kusimama kimya mpaka mnyama apite. Ukikaa na wenye mbwa utawasikia wakilalamika kwamba watu wetu ni waoga, hawajui wanyama, na kwamba Ulaya mbwa wa namna hii anapanda treni na bwana wake bila mtu kugeuza shingo. Mimi nina mbwa mkubwa, namtembeza alfajiri maeneo ya Mikocheni na Msasani, na malalamiko hayo siyaafiki.

Nimtaje mbwa mwenyewe kwanza, isije ikaonekana natetea woga kwa sababu wangu ni mkorofi. Ni Boerboel, mbwa wa mashambani kutoka Afrika Kusini: kichwa kipana, shingo nene, kifua cha mpagazi wa Kariakoo. Dume wa aina hii akikomaa huvuka kilo 60 bila taabu. Anaitwa Popi, jina alilopewa na watoto wa nyumba alikozaliwa wakati bado anaenea kwenye kikapu, na leo halimfai hata kidogo. Akikutana na kuku anageuza uso. Paka wa jirani anakula kwenye bakuli lake, yeye amelala pembeni anatazama. Radi ikipiga hujaribu kuingia chini ya meza ya kahawa, na meza inainuka naye. Ukali wa kuzungumzia hana, na hilo nalijua vizuri.

Shida iko hapo hapo. Nalijua mimi. Anayekuja mbele yetu halijui, na ana sekunde chache tu za kuamua. Mimi mwenye mbwa nahesabu uwezekano: mnyama huyu nimekaa naye, nimemwona na watoto, na mafundi, na wageni wa msiba, hajamgusa mtu, basi uwezekano wa kumuuma huyu mwalimu anayekuja ni mdogo mno. Mwalimu hahesabu hivyo. Yeye anahesabu hasara. Hata kama uwezekano ni mdogo kama ninavyodai, kinachowekwa rehani ni msuli wa mguu wake, au uso wa mtoto aliyemshika mkono. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti, na kauli ya "haumi" inajibu swali langu huku ikijifanya inajibu lake.

Wapenzi wa mbwa wakubwa wana utafiti wanaopenda kuutaja. Mwaka 2008 James Serpell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha matokeo ya dodoso walizojaza wenye mbwa, na walioongoza kwa ukali dhidi ya watu walikuwa vimbwa vya mapajani: Dachshund, Chihuahua na wenzao. Majitu mengi yalionekana matulivu. Ni kweli, na inachekesha. Lakini Chihuahua akikurukia unapoteza pindo la suruali na heshima yako kidogo. Mbwa wa kilo 60 anayeuma mara moja tu katika maisha yake anaweza kumlaza mtu hospitali wiki kadhaa. Anayeogopa ukubwa hajakosea hesabu. Amechagua safu ya pili ya jedwali, ile ya hasara, ambayo sisi hatupendi kuisoma.

Na safu hiyo hapa kwetu ni nzito kuliko Ulaya, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, dawa hakuna. Kinachobaki ni kumfariji mgonjwa na ndugu zake. Kinachookoa hufanyika kabla: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu kuwahi sindano za chanjo, dozi kadhaa kwa siku zilizopangwa. Kwa mtu wa kijijini hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi, mara kadhaa, kwenye kituo ambacho huenda chanjo imeisha, na mara nyingi analipa mwenyewe. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya Tanzania karibu 1,500 kwa mwaka, wakati vilivyokuwa vikiandikwa rasmi vilikuwa vichache mno, kwa kuwa wengi walifia nyumbani na ugonjwa ukapewa jina jingine.

Uingereza iliuondoa ugonjwa huu kwa mbwa wake mwaka 1922. Mtu wa London akiumwa leo anawaza nyuzi na dawa ya kuzuia usaha. Mtu wa Mbagala anawaza maisha. Ndiyo maana ule mfano wa treni ya Ulaya hauna mashiko hapa. Wale wanaokaa karibu na mbwa bila wasiwasi hawakupewa ujasiri zaidi yetu. Serikali zao zilipunguza dau kabla hawajazaliwa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na mahali ambapo sindano iko kilomita 40 hiyo ni tahadhari ya kitabibu kabisa.

Sasa nikosoe upande wa pili, maana kutetea woga si kusema kwamba umelenga panapostahili. Mtu yule yule anayejibana ukutani Popi anapopita, Popi mwenye kadi ya chanjo na kamba shingoni, jioni anakaa kwenye benchi la mama ntilie huku mbwa wa kienyeji, mwembamba, asiye na kola wala chanjo, akipita katikati ya miguu yake kuokota mifupa. Hamwogopi. Kamzoea, ni wa mtaa, na ni mdogo. Watoto wanabeba vimbwa vya aina hiyo mikononi, wanavifunga kamba za katani na kuvipa majina ya wachezaji. Kichaa kinapita huko. Kirusi hakijali kimo cha mbwa. Kinachojali ni kama ana chanjo au hana. Na wengi wa mbwa hao tunaowaita koko wana wenyewe: tafiti zilizofanyika vijijini Tanzania zimeonyesha mara kwa mara kwamba mbwa wanaozurura kwa sehemu kubwa wana kaya wanakolala. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapeleka kwenye sindano, au sindano yenyewe.

Inawezekana kuwapeleka. Pemba imeonyesha. Kichaa kilirudi kisiwani mwaka 2016 baada ya kuwa kimetoweka, na kampeni za kuchanja mbwa zikakikomesha tena kufikia mwisho wa 2018. Kanuni wanayoifuata wataalamu ni moja: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, rudia, na usiruke shehia. Mbwa hawakuuawa wakaisha, walichanjwa. Ningependa mpita njia wa Mikocheni aogope kukosekana kwa hiyo asilimia 70 kwa nguvu ile ile anayoogopea kifua cha Popi.

Hapo ndipo ukubwa unapotudanganya sote, na macho yetu yana makosa mengine madogo ya namna hiyo. Chukua mdomo. Mbwa hana jasho la mwili mzima kama letu. Anapoa kwa kuhema. Boerboel wa Dar es Salaam, hata saa moja asubuhi mwezi wa pili, anatembea mdomo wazi, ulimi nje, magego yote yanaonekana. Mtu anaona meno na kusema anatishia. Kumbe kuhema kwa mwili uliolegea ni dalili kwamba mnyama yuko sawa, ana joto tu. Wa kuogopwa ni mbwa aliyefunga mdomo ghafla, akakakamaa, akakukazia macho, manyoya ya mgongo yakasimama. Mkia nao unadanganya: mkia mgumu ulioinuliwa juu na kutikisika kidogo kidogo hauko katika urafiki hata kama unatikisika. Mambo haya hayafundishwi popote. Mtoto wa Tanzania anafundishwa rangi za taa za barabarani, wakati mbwa atakutana nao mapema zaidi kuliko taa.

Na mwenye mbwa anaongeza tatizo bila kujua. Akiona mtu anakuja, anavuta kamba. Kamba ikivutwa juu, mbwa anainuka kifua, miguu ya mbele inakaribia kuacha ardhi, na kuhema kunageuka mkoromo kwa sababu ukosi umebana koo. Kutoka mbele hiyo ni picha kamili ya mnyama anayetaka kuruka. Mbwa mwenyewe anasoma mkazo wa mkono na kuhitimisha kwamba yule anayekuja ana kasoro. Kisha kuna harufu. Utafiti uliochapishwa 2018 na watafiti wa Naples ulichukua jasho la watu waliotiwa woga na la watu waliofurahishwa, ukawanusisha Labrador na Golden Retriever; walionusa woga waliingiwa na wasiwasi na kuwakimbilia mabwana zao. Kwa hiyo woga wa mpita njia unamfikia mbwa, unapanda kwenye kamba, unarudi kwa mwenye mbwa, na watu wawili na mnyama mmoja wanaishia kutishana ilhali hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Lakini si kila anayekwepa anaogopa. Hili wenye mbwa hatulioni kabisa, na kwa mji wa pwani ni kosa kubwa. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe akielekea msikitini Ijumaa anapochepuka mita tatu kutoka kwa mbwa wangu, simwoni akitetemeka. Analinda twahara yake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao huu, mate na umajimaji wa mbwa ni najisi nzito, na palipoguswa huoshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Popi anahema, anadondosha udende, anapenda kunusa mikono. Tone moja kwenye kanzu, na mzee huyo lazima arudi nyumbani au akose sala ya jamaa. Kumwambia "haumi" ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza. Wala si chuki dhidi ya mnyama: dini hiyo hiyo inasimulia mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, Kurani inamtaja mbwa wa watu wa pangoni katika sura ya Al-Kahf, na mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba wameruhusiwa tangu zamani. Mzee anaweza kumwonea Popi huruma kuliko mimi, na bado akataka nafasi yake ya mita tatu. Ana haki nayo.

Wengine wanakwepa kumbukumbu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na miji yetu imejaa watu walioonyeshwa mbwa wakubwa kwa kazi moja tu. Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Oysterbay ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika aliyeingia huko aliingia kwa kazi, akapokewa getini na mbwa kabla hajapokewa na mtu. Wenye nyumba walibadilika, geti na mbwa vikabaki. Fundi bomba anayekwenda kwenye nyumba za Masaki leo anajua kwamba mbwa mkubwa yupo kwa ajili ya watu wenye sura na mavazi ya kwake. Polisi wetu wana Kikosi cha Mbwa na Farasi, na raia wengi huwaona mbwa hao kwenye fujo au viwanjani, si siku ambayo wamenusa dawa za kulevya bandarini na kufanya kazi ya kusifiwa.

Kwingine kumbukumbu ni mbaya zaidi. Picha za mbwa wa polisi wakirushwa kwa vijana weusi Birmingham, Alabama, Mei 1963, zilizunguka dunia nzima. Novemba 2000 televisheni ya Afrika Kusini ilionyesha mkanda wa polisi wazungu wakiwafanyia mbwa wao mazoezi kwa kuwaachia wawaume wahamiaji watatu kutoka Msumbiji. Mkanda ulionyeshwa miaka sita baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kumalizika. Aina ya mbwa ninayemfuga mimi inatoka nchi hiyo hiyo. Mtu akimtazama Popi na kuona kitu kingine nyuma yake, sina ubavu wa kumwambia anaota.

Na hatujaacha. Hili ndilo linalonikera kuliko yote katika mjadala huu, kwamba tunalaumu woga wa watu huku tukiuzalisha kila siku kwenye mabanda yetu. Mbwa wa ulinzi wa kawaida wa Dar es Salaam ananunuliwa akiwa na miezi miwili, anatiwa bandani asubuhi, anafunguliwa usiku. Anawajua watu wawili, mlinzi na dada wa kazi. Wataalamu wa tabia za mbwa wanakubaliana kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo kimbwa kinapojifunza nini ni cha kawaida duniani: watoto, miavuli, baiskeli, mtu mwenye fimbo, mtu mwenye hijabu. Asivyoviona wakati huo atavishuku maisha yake yote. Sisi tunamfungia makusudi katika wiki hizo hizo, "asizoee watu." Wapo wanaomlisha pilipili wakiamini atakuwa mkali. Pilipili inamuumiza tumbo. Ukali unatokana na upweke. Kisha siku moja geti linasahauliwa wazi, mnyama aliyelelewa kuwaona binadamu wote kuwa wezi anatoka barabarani saa ambayo watoto wanakwenda shule. Kila tukio la namna hiyo Popi analilipia kwa miezi.

Ndiyo sababu mbwa mpole mwenye umbo kubwa anawachanganya watu hata wasipomwogopa. Jirani mmoja alimtazama Popi akimlamba mkono mtoto wa fundi, akanipa pole. Kwa mawazo yake nimepunjwa: nimelipia bunduki nikapewa mwamvuli. Nchi yenye geti lililoandikwa MBWA MKALI kila baada ya hatua kumi haiwezi kumlaumu raia wake kwa kusoma kibao.

Wapo wanaopendekeza sheria za kupiga marufuku aina fulani za mbwa, kwa mfano wa Uingereza. Naukataa mfano huo kwa nusu yake. Sheria ya Mbwa Hatari ya huko, ya mwaka 1991, ilipiga marufuku aina nne, na mbwa aina ya XL Bully akaongezwa mwishoni mwa 2023. Tangu Februari 1, 2024 kummiliki England na Wales bila cheti maalumu ni kosa, na mwenye cheti lazima amfunge kamba na mdomo kila anapotoka naye. Kinachotumika kumtambua ni vipimo vya mwili, pamoja na kimo cha kuanzia sentimita 51 begani kwa dume. Yaani ni futikamba. Wakati huo huo utafiti mkubwa uliochapishwa 2022 katika jarida la Science, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Futikamba inapima hasara. Uwezekano wa kuuma haipimi.

Nusu ya pili ya sheria hiyo ndiyo ninayoihusudu. Inasema mbwa atahesabiwa kuwa yuko nje ya udhibiti kwa namna ya hatari pale panapokuwa na sababu za msingi za mtu kuhofia kwamba atajeruhiwa, awe amejeruhiwa au la. Rudia kuisoma. Woga wenye sababu ni kitu ambacho sheria inakitambua, na mzigo wa kuuondoa uko kwa mwenye mbwa. Kwetu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa mtu anayeshindwa kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye mikononi mwake. Kenya wana kifungu kama hicho, kwa kuwa sheria zetu zilitoka chungu kimoja. Vifungu hivi vimelala kwa sababu watu hufikiri hatari huanza pale damu inapotoka. Wale wanaowafungulia mbwa wao ufukwe wa Coco alfajiri, wakakaa mbali na simu zao huku wanyama wakiwakimbilia wanaofanya mazoezi, wangesomewa hicho. Mtu anayekimbia peke yake gizagiza haoni mchezo. Nairobi, ndani ya msitu wa Karura, mbwa anaruhusiwa lakini akiwa kwenye kamba, na watu wa mbio na watu wa mbwa wanapishana. Si muujiza, ni kamba.

Kwa hiyo mimi nafanya nini? Navuka barabara mimi. Nikimwona mtu anakuja na njia ni nyembamba, nahama mapema, kabla hajaanza kuwaza, na namweka mbwa upande wa ukuta, mimi nikiwa katikati. Kamba fupi lakini isiyovutwa. Nikikosa pa kuhamia, Popi anakaa chini. Mbwa aliyekaa anaonekana nusu ya ukubwa wake, na mtu anaona kwamba kuna anayemtii. Nasalimia kwa shikamoo au habari za asubuhi, na Popi simtaji. Mtoto akiomba kumshika, naangalia kwanza uso wa mtu mzima aliye naye. Asiponikubalia naendelea na safari. Kifaa cha kufunga mdomo nakitumia sehemu zenye msongamano, kile cha wavu kinachomwachia nafasi ya kuhema. Vile vya kitambaa vinavyobana taya visitumike kwa joto letu hata kwa dakika tano, mbwa mkubwa anaweza kukufia mkononi.

Kubwa zaidi ningetaka iwepo alama inayoonekana kwa mbali ya mbwa aliyechanjwa mwaka huu. Katika kampeni za chanjo vijijini, mbwa huvishwa kola za muda ili wahesabiwe baadaye. Halmashauri za mijini zingeweza kuiga: rangi moja kwa mwaka, inavalishwa na ofisa mifugo pamoja na sindano, na mbwa asiye nayo mwenyewe aulizwe, awe wa Masaki au wa Manzese. Hapo mpita njia atapata kitu cha kusoma mbali na umbo. Haitamwondolea woga wote. Itampunguzia ule mzito, wa sindano na jeneza, abaki na ule wa meno, ambao kamba inaumudu.

Wenzangu wa mbwa wananipinga. Wanasema nikivuka barabara kila mara nawafundisha watu kwamba mbwa wangu ni hatari. Afadhali wazoeshwe kwa nguvu. Sijaona mtu aliyezoeshwa kitu kwa nguvu akakipenda. Niliowaona wakibadilika walibadilika kwa umbali wao wenyewe na kwa mwendo wao. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha njia panda walianza kwa kupanda juu ya pikipiki tulipopita. Baadaye wakabaki chini. Baadaye wakaanza maswali: anakula kilo ngapi za nyama huyo, kweli si simba huyo, bei gani. Sasa wananisumbua kuhusu watoto wake. Mmoja, ambaye zamani ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda pikipiki, alinisimamisha akaniambia, "Bro, ukimpata jike wa kumpandisha, nitengee mmoja. Ila nataka awe mkali, siyo kama huyu." Nikamwambia nitampa bure, sharti amtembeze barabarani kila siku kuanzia wiki anayomchukua. Akacheka, akasema mbwa wa kutembezwa atamfaa nini.